Nakamura anawahi wapi na anachelewa wapi: jibu kwa mdogo wangu wa Makorora

Swali lilikuja hivi: "Shikamoo mwalimu. Mi niko Makorora hapa hapa Tanga, nacheza chesi ya haraka, blitzi ya dakika tatu, kwenye simu, nimekwama kwenye pointi 1400 muda mrefu sasa, nikipanda kidogo nashuka. Huwa namwangalia sana Hikaru Nakamura, anaongea na watu huku anachapa muvu kama vile hafikirii. Sasa ile spidi anaitoa wapi? Na mtu kama yule naye bado ana cha kurekebisha au kashamaliza? Mi nikitaka kucheza haraka kama yeye nianzie wapi?"

Marahaba mdogo wangu. Swali zuri ila la mwisho umeliweka kichwa chini miguu juu, we unataka uanzie kwenye haraka, na haraka ndo kitu cha mwisho kuja. Ngoja nikueleze polepole, na ntakuwa mrefu kidogo, manake hili swali naulizwa sana na vijana ninaowafundisha, hasa hawa wanaotoka kwenye drafti.

Kwanza ujue unayemwangalia ni nani. Nakamura kazaliwa Japan 1987, akapelekwa Marekani bado mdogo kabisa, baba yake wa kambo Sunil Weeramantry ni mwalimu wa chesi tena wa kuheshimika. 2003 kapata ugrandmasta, cheo cha juu kabisa cha chesi, akiwa na miaka 15 tu, akavunja rekodi ya Marekani iliyokuwa ya Bobby Fischer. Oktoba 2015 retingi yake ya gemu ndefu, yaani pointi za kiwango chake, ilifika 2816. Yaani huyu unayemuona anapiga stori huku anachapa muvu, kabla hata hajawasha kamera ameshakaa kwenye ubao miaka zaidi ya ishirini, gemu za saa tano saa sita, na ile spidi imetokea huko kwenye polepole.

Kuna Mholanzi mmoja, Adriaan de Groot, zamani hizo miaka ya 1940 aliwapa wachezaji wa viwango tofauti ubao wafikirie kwa sauti, akitegemea magrandmasta watakuwa wanaona mbele mbali kuliko wengine. Akakuta kwa kina cha kuhesabu hawajapishana sana, tofauti ni kwamba mkubwa akitupa jicho tu muvu nzuri iko ndani ya zile anazozifikiria, na mdogo anahangaika na muvu ambazo hazina maana kabisa. Halafu 1973 Wamarekani wawili, William Chase na Herbert Simon, wakawaonyesha watu ubao kwa sekunde chache wakauficha, wakawaambia waupange upya. Ubao ukitoka kwenye gemu ya kweli bingwa anaurudisha karibu wote, ila kete zikitupwa ovyo ovyo bila mpango bingwa anakuwa karibu sawa na wewe. Umeona? Hana kumbukumbu ya ajabu, anachojua ni maumbo. Pale anaona "hii ni ile ya mfalme amejifungia na farasi anakuja f5" (herufi na namba ni jina la chumba cha ubaoni), hasomi kete moja moja.

Na hili mtu wa Tanga huhitaji kuletewa utafiti toka Ulaya. Nenda Ngamiani jioni, barabara yoyote ile, utakuta wazee barazani wanacheza drafti kwa vizibo vya soda, mzee anaangalia pembeni anaitikia salamu ya mpita njia na mkono unasogeza, unashtukia kakupa moja kala tatu na kaingia kingi. Yule mzee hana mkono mwepesi, ile hali keshaiona mara elfu.

Haya, turudi kwa Nakamura, nikuonyeshe anachofanya na saa manake hapo ndo kuna somo. Chukua hiyo 3+0 yako, dakika tatu bila nyongeza, ni sekunde 180 basi. Gemu ikienda muvu 60 ni wastani wa sekunde tatu kila muvu. Wengi wakiona hesabu hiyo wanasema basi nicheze kila muvu kwa sekunde tatu, na hapo ndo wanapopotea. Mwangalie vizuri yule jamaa: muvu kumi za mwanzo zinatoka kama maji, sekunde moja, nusu sekunde, halafu ghafla ananyamaza, macho juu kwenye dari, anakaa, anakaa, sekunde kumi na tano pengine zaidi, halafu muvu tano tena zinatoka fasta. Hana spidi moja. Ana spidi mbili, na kipaji chake kikubwa kwa maoni yangu ni kujua sasa hivi niko kwenye ipi.

Na zile za fasta ukizichunguza sio muvu kali. Ni muvu za kawaida sana, anampeleka mfalme pembeni, anasogeza askari wa h hatua moja asije kupigwa chekmeti ya mstari wa nyuma, anaileta ngome katikati. Muvu isiyoharibu kitu. Kwenye blitzi muvu ya tatu kwa ubora inayotoka ndani ya sekunde moja mara nyingi inaizidi muvu bora iliyokula sekunde ishirini, kwa sababu zile sekunde utazililia baadaye. Yeye anaziweka akiba, na mpinzani akibaki na sekunde kumi na tano hapo ndo anaanza kumuuliza maswali magumu, kila muvu ina kitisho kidogo, sio lazima kitisho chenyewe kiwe cha kweli, kikubwa yule mwingine alazimike kusimama kuangalia.

Halafu kuna primuvu, ile ya kucheza muvu kabla mwenzio hajacheza. Kwenye mtandao wa Lichess primuvu haili muda kabisa ila unaweka moja tu, ule wa Chess.com inakata sehemu ya kumi ya sekunde ila unaweza kupanga kadhaa mfululizo. Ndo maana unamuona Nakamura ana sekunde mbili na bado anapiga chekmeti ya malkia na mfalme, zile muvu zote keshazipanga, haangalii tena. Ila angalia anapoweka primuvu: mwenzio akiwa na jibu moja tu la lazima, au mfalme mtupu asiye na pa kukudhuru. We unaweka primuvu muvu ya tatu ya ufunguzi, gemu ndo kwanza inaanza, kwa nini? Unacheza ufunguzi wa London, d4 halafu askofu f4 halafu e3 umeshapanga hata hujamuona mwenzio, kumbe yeye kacheza c5 na malkia wake anatua b6 anamtolea macho askari wako wa b2, na we mkono unaendelea na ratiba. Sasa hapo umeokoa nini?

Swali lako la pili, kama na yeye ana cha kurekebisha. Anacho, na sio dharau kusema hivyo. Mtu kachukua ubingwa wa Speed Chess Championship mara tano mfululizo, 2018 mpaka 2022, hilo shindano miaka hiyo lilichezwa mtandaoni kwa saa tatu, dakika 90 za gemu za 5+1 (dakika tano na nyongeza ya sekunde moja kila muvu), dakika 60 za 3+1 na nusu saa ya 1+1, ni mateso ya akili na mgongo kwa pamoja, kwa hiyo hatumsemi mtu wa kawaida. Ila mpime na Magnus Carlsen, Mnorway aliyekuwa bingwa wa dunia, uone. 2016 walikutana kwenye fainali Carlsen akashinda 14.5 kwa 10.5. Fainali ya shindano la 2017, iliyochezwa Januari 2018, ikawa 18 kwa 9, kipigo cha mbwa koko kile. Fainali ya 2022 Nakamura kashinda 14.5 kwa 13.5, na ya 2023 Carlsen karudisha 13.5 kwa 12.5. Toka kufungwa mara mbili zaidi mpaka kupishana kwa pointi moja, maana yake jamaa alirekebisha vitu akiwa tayari ni grandmasta wa miaka mingi. Hiyo peke yake inajibu swali lako.

Sasa wapi bado panavuja? Haya ni maoni yangu mimi, nimewaangalia hawa watu sana. Pa kwanza ni ufunguzi. Nakamura kwenye gemu za haraka anapenda vitu vyepesi, b3 muvu ya kwanza, vitu vya kumtoa mwenzie kwenye alichosoma. Zamani alikuwa mtukutu zaidi, 2005 kwenye shindano kubwa la ubaoni, gemu ya polepole, alimtoa malkia h5 kwenye muvu ya pili kabisa dhidi ya Krishnan Sasikiran wa India, kama mtoto anayetafuta chekmeti ya muvu nne, akapoteza. Na Machi 2021 yeye na Carlsen walitembeza wafalme wao muvu ya pili, mmoja e2 mwingine e7, wakarudiarudia mpaka sare, ile ilikuwa utani wa watu wawili ambao gemu haikuwa na athari kwao. Mi sina tatizo na utani. Ila b3 ukimchezea mtu wa 2500 anayebabaika na saa unapata gemu, ukimchezea Carlsen unampa usawa bure, na Carlsen akishapata usawa hana haraka, atakukamua mpaka muvu ya 70. Kwenye mechi iliyoamuliwa kwa pointi moja, usawa wa bure ni zawadi kubwa sana.

Pa pili ni pale ambapo kuwahi hakusaidii. Agosti 2020 hao hao wawili walicheza fainali ya Magnus Carlsen Chess Tour, gemu za rapidi (za haraka ila ndefu kuliko blitzi), seti saba, ikafika tatu kwa tatu, ya mwisho ikaenda mpaka Armageddon, ile gemu ambayo mweusi akitoa sare anahesabiwa kashinda. Carlsen akawa mweusi akashika sare, 4 kwa 3. Hapo huwezi kumuangushia mtu saa kirahisi, mtu kajifungia anachotaka ni sare tu, unahitaji kumvunja ukuta. Mchezo wa Nakamura wa haraka umejengwa juu ya kwamba mwenzio atakosea akibanwa. Asipokosea je? Gemu ndefu ndo ilimuonyesha sana hilo, Carlsen alimfunga mara 12 za polepole kabla yeye hajapata ushindi wake wa kwanza, Bilbao 2016. Na Candidates ya 2022, shindano la kumtafuta wa kumkabili bingwa wa dunia, raundi ya mwisho, sare ilimtosha kushika nafasi ya pili, akafungwa na Ding Liren wa China, na ile nafasi ya pili ndo iliyompeleka Ding kucheza ubingwa wa dunia 2023 akauchukua baada ya Carlsen kuuacha. Sare tu jamani.

Pa tatu nitapita haraka, ni ubao wa kweli. Mtandaoni ni mausi na primuvu, ubaoni unashika kete kwa mkono, unabonyeza saa kwa mkono ule ule, kete ikidondoka unaiokota kwa muda wako. Mpaka mwisho wa 2024 ubingwa wa dunia wa blitzi wa FIDE, shirikisho la chesi la dunia, ule wa 3+2 ubaoni, alikuwa hajauchukua hata mara moja, wakati Carlsen anao wa kugawa. Kuna mengi yanachangia hapo ila mi naona na hilo limo.

Sasa tuje kwako, manake Nakamura ana watu wake wa kumshauri, hasubiri sisi wa Tanga.

Vijana wa 1400 ninaokaa nao karibu wote wana ugonjwa mmoja, saa yao iko kinyume. Muvu ya 9, hakuna kitu kinachowaka, anakaa sekunde 25 achague ngome iende d1 au e1. Zote sawa! Weka yoyote nenda. Halafu muvu ya 14 mwenzie kaacha kete bure, hapo sasa ndo mkono unaruka nusu sekunde, hap, kala. Na ile kete ilikuwa chambo.

Nikupe mfano ambao utakutana nao wiki hii hii kwenye hiyo 3+0 yako. We mweupe, e4 e5, farasi f3, farasi c6, askofu c4, mambo ya kawaida, halafu mweusi anaruka farasi wake d4. Ameacha askari wa e5 bila mlinzi. Mkono unawasha. Ukimla kwa farasi, malkia wake anatua g5, anamgusa farasi wako na anamgusa g2. We unaona f7, farasi anaingia pale anagusa malkia na ngome kwa pamoja, raha iliyoje. Yeye anakula g2 kwa malkia. Unaiokoa ngome kwa kuipeleka f1, anakula e4 kwa cheki, unaziba na askofu e2, farasi wake anatua f3 na ni chekmeti, mfalme wako kazungukwa na watu wake mwenyewe na askofu kafungwa hawezi kumla. Muvu saba umelala. Na dawa yake ni rahisi mpaka inaudhi: farasi akija d4 mle tu kwa farasi wako, yeye atamla kwa askari, una gemu nzuri kuliko yeye, endelea na shughuli zako. Sekunde tano tu pale zilitosha. Sio kwamba hukuweza kuiona, hukusimama.

Kwa hiyo mazoezi ninayokupa ni haya, na nakuomba usiniletee la kwamba ni madogo. Baada ya gemu fungua uchambuzi, kuna grafu inaonyesha kila muvu umetumia muda gani. Achana na injini, ile kompyuta inayokuonyesha muvu bora, kwanza. Tafuta muvu uliyokaa muda mrefu kuliko zote, jiulize pale palikuwa na nini hasa cha kufikiria. Halafu tafuta ile muvu ilipoanzia gemu kuharibika, angalia uliicheza kwa sekunde ngapi. Ukifanya hivyo gemu nyingi nyingi utaanza kuona aibu, na aibu ile ndo mwalimu. Kengele za kukusimamisha ni chache: mwenzio kakupa kitu bure, mwenzio kakutolea cheki au kakugusa malkia, kete zinaanza kulana katikati, au we mwenyewe unataka kutoa sadaka. Hapo simama, tumia hata sekunde 15. Sehemu nyingine zote cheza kitu kisichoharibu uendelee.

Pili, acha 3+0 kwa muda, cheza 3+2. Gemu ya muvu 60 kwenye 3+2 inakupa sekunde 300 kwa jumla badala ya 180, na zaidi ya hapo ukishinda umeshinda ubaoni, sio kwa sababu mwenzio kafa saa, yaani kaishiwa muda. 3+0 inafundisha tabia za ajabu, mtu kabaki na mfalme na askari mmoja dhidi ya ngome mbili anacheza tu kwa matumaini saa ya mwenzie iishe, na inafanya kazi! Ndo tatizo, inafanya kazi na pointi zinapanda, halafu unafika sehemu watu hawafi saa na we huna mchezo. Na katikati ya wiki tafuta hata gemu mbili za dakika 15 nyongeza 10, zile ndo zinaweka maumbo kichwani ambayo huko kwenye blitzi utakuja kuyatoa bila kufikiria.

Ufunguzi chukua mmoja wa mweupe, mmoja wa kumjibu e4, mmoja wa kumjibu d4, basi. London sio mbaya, wanaoicheka wanafungwa nayo kila siku, ila acha kuicheza umefumba macho. Dhidi ya e4 nakushauri Caro-Kann, c6 halafu d5, hutakufa mapema. Mwisho wa gemu jifunze mpaka iwe kama kufunga kamba za viatu: chekmeti ya malkia na mfalme, ya ngome na mfalme, na mfalme na askari mmoja dhidi ya mfalme, lini inapita na lini ni sare. Hizi tatu ukizijua kweli unaweza kuzicheza ukiwa na sekunde sita, usipozijua hata dakika mbili hazikutoshi.

Hasira nazo. Ukifungwa mbili mfululizo funga simu, nenda Raskazone kaangalie bahari, au lala. We unataka kurudisha pointi usiku huo huo, saa nane usiku unacheza gemu ya thelathini na akili imeshalala kitambo, hapo 1400 yako utaisikia redioni.

La mwisho ni hilo la simu, hukuuliza ila lipo. Nakamura anacheza kwa mausi, kompyuta na intaneti ya kueleweka. We una kidole na bando. Kwenye mipangilio washa askari kugeuka malkia automatiki usije kupoteza sekunde mbili unachagua, zima ile ya kuthibitisha kila muvu kama umeiwasha, zima meseji za WhatsApp wakati wa gemu manake zinashuka juu ya kioo pale pale kwenye kete za mweusi, na jaribu kugusa kete halafu kugusa inapokwenda badala ya kuiburuza, kwenye kioo kidogo ukiiburuza mara nyingi inaangukia jirani. Mtandao ukiwa unakatakata usicheze buleti, zile gemu za dakika moja, kabisa, cheza mafumbo. Na ukiwa na gemu tatu ulizofungwa ukiwa na muda mwingi kwenye saa, hizo nitumie, ulizokufa kwa saa baki nazo kwanza.